Kiitaliano cha waongoza watalii kinapoganda

Mhariri,

Waongoza watalii wengi wa hapa Moshi wanaojifunza Kiitaliano hufika ngazi ya B1, yaani ya kati, wakaganda. Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro wanaieleza vizuri. Mgeni akiuliza jambo lililo nje ya maelezo ya kila siku, kimya. Tatizo ni kurudia sentensi zilezile, wala si uchache wa msamiati.

Chagueni rekodi ya dakika moja yenye maandishi yake. Isikilizeni mara tatu, kisha iandikeni neno kwa neno bila kuchungulia, ndipo mlinganishe. Mtaona masikio yanakosea wapi: konsonanti maradufu (nono ni wa tisa, nonno ni babu) na vijineno kama ci na ne, ambavyo msemaji huvipitia haraka.

Baadaye simulieni habari hiyo kwa wakati uliopita, mkijirekodi kwa simu. Hapa ndipo penye kazi. “Sono andato” ni nilikwenda, mwanamke husema “andata”. “Andavo” ni nilikuwa nikienda. Wengi hukosea wakisema “ho andato” kwa kuwa vitenzi vingi huchukua kisaidizi avere (kuwa na), si essere (kuwa) kama hiki. Sahihisheni kosa la aina moja kwa wiki. Mkiyashika yote, ulimi hufungwa.

Programu za kubofya majibu zinafaa wanaoanza tu.

Mwalimu wa lugha,
Moshi