Uzamifu wa matetemeko unalipiwa, vijana wetu hawaambiwi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Kila nikilifungua nakuta matangazo ya mawakala wa kazi za Ghuba. Sina ugomvi nayo. Zipo nyumba hapa Malindi zilizoezekwa kwa pesa za Doha. Ila kuna mlango mwingine sijauona ukitajwa: masomo ya uzamifu (PhD) katika sayansi ya matetemeko ya ardhi, yenye ufadhili kamili.

Wengi wetu tunadhani shahada ya uzamifu ni ya mwenye pesa. Ujerumani, Norway na Uholanzi, mwanafunzi wa ngazi hiyo kwa kawaida ni mwajiriwa, ana mkataba wa miaka 3 au 4 na mshahara wa kila mwezi. Marekani hulipiwa karo na kupewa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti, na idara nyingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza tu. Umoja wa Ulaya una mpango wa kufadhili watafiti uitwao Marie Skłodowska-Curie, usiobagua uraia.

Najua nitaulizwa: matetemeko yatuhusu nini sisi wa pwani? Tarehe 26 Desemba 2004 sakafu ya bahari ilipasuka karibu na Sumatra, tetemeko la ukubwa wa 9.1, na mawimbi yakavuka Bahari Hindi yote hadi yakaua mtu hapa hapa pwani ya Kenya. Mwaka 2017 watafiti wa Munich waliuunda upya mpasuko ule ndani ya kompyuta kuu, wakafuata jinsi ulivyokimbia na jinsi sakafu ilivyoinua maji. Kazi yenyewe siku hizi ndiyo hiyo: hisabati, data na kuandika programu. Nyundo ya kupasulia mawe wengine hawaigusi kabisa.

Na data nyingine inatoka kwetu. Malindi kuna kipokezi cha mawimbi ya setilaiti za GPS ambacho vipimo vyake hutumiwa na wanasayansi duniani kufuatilia bamba la Somalia, yaani kipande cha gamba la dunia tunachokalia sisi, likijitenga na Afrika nyingine kwa milimita chache kwa mwaka. Vipimo hivyo hutolewa bure. Wa kwetu wanaovifungua ni wangapi?

Mimi namjua mmoja. Nilimfundisha fizikia, mtoto wa mvuvi wa Mayungu, ana shahada ya jiofizikia na sasa anaendesha tuktuk. Jioni moja alinionyesha, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mchoro wa tetemeko lililonaswa na kituo cha Kilima Mbogo. Mstari umetulia, ghafla ukaanza kutetema kidogo, kisha ukaruka juu na chini. Akahesabu sekunde kati ya mtetemo wa kwanza na ule mkubwa, akazidisha kwa 8, akanipa umbali kwa kilomita. Aliuchora kwa ObsPy, programu ya bure, kwenye kompyuta ya kuazima. Kesho yake niliupeleka kidato cha tatu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kama litatoka kwenye mtihani.

Kijana huyu alidaiwa shilingi 40,000 na wakala mmoja wa mjini ati amtafutie udhamini. Profesa anayetafuta mwanafunzi hatozi kitu. Anataka barua fupi inayoonyesha umesoma utafiti wake, matokeo yako ya chuo, watu 2 au 3 wa kukupendekeza, na programu ulizoandika mwenyewe. Baadhi ya vyuo vya Marekani vina ada ya maombi, lakini vipo vinavyoisamehe ukiomba mapema.

Kinachomkwamisha kijana huyu ni pasipoti, mtihani wa Kiingereza unaolipiwa kwa dola, kompyuta, na nauli ya kwenda ubalozini Nairobi. Basari tulizozizoea hulipa karo ya aliye chuoni. Aliyekwisha hitimu hana fungu lake. Wawakilishi wetu wa wadi, Kilifi na Lamu, watenge fungu dogo la gharama hizo, lilipwe mtu anapoonyesha barua ya profesa aliyemjibu.

Nawe mhariri, maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba na Januari. Robo ukurasa wa nafasi hizi mwezi Septemba ungetosha. Barua yangu ya kumpendekeza kijana iko tayari. Tunangoja za wahadhiri wake.

Mwalimu wa fizikia,
Shela, Malindi