Barua kwa Kaka Hamadi: ukuta, Iran na zile pesa

Maskat, 9 Julai 2025

Kaka Hamadi,

Assalaam alaykum. Mie mzima, joto ndiyo joto, tuliache. Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote, na Bi Mkubwa naye kanipigia analia. Nimeona niandike, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Kwanza la furaha: leseni nimeipata! Yale mapipa unayotakiwa upite katikati yake kinyumenyume bila kugusa hata moja, yaliyowashinda wanaume wazima, nimeyapita. Mwambie Ami Khatib, aliyesema mwanamke wa Wete hataendesha gari Uarabuni, kwamba sasa mie ndiye ninayewapelekea wateja mabuibui yao, kutoka Ruwi hadi Seeb, na gari ya duka inalala mlangoni kwangu.

Sasa la ukuta wa jirani yetu Mzee Makame, ule uliouvunja. Unataka pesa za kumlipa, sawa, ndugu ni ndugu. Ila ile kauli yako, eti hata Israeli haikungoja Iran ianze, mtu akikunuia ubaya unamuwahi, imenikera kuliko pesa. Wewe unayewalaani kila Ijumaa ukitoka msikitini, leo wamekuwa walimu wako?

Hayo mie yamenikuta hapa hapa. Marekani na Iran walikuwa wanazungumza tangu Aprili juu ya mradi wa nyuklia wa Iran, na msuluhishi ni Oman. Alhamisi ya tarehe 12 Juni waziri wa mambo ya nje wa hapa, Badr al-Busaidi, akatangaza kwamba kikao cha sita kitafanyika Maskat siku ya Jumapili. Ijumaa alfajiri Israeli ikaipiga Iran. Jioni yake Bi Zuwena, yule mteja wetu mzaliwa wa Malindi ya Unguja, nilikuwa nampima urefu wa mkono, simu kaishika kwa mkono wa pili anasoma habari. Akaniuliza, "Kwani Jumapili ilikuwa mbali hivyo?" Nikakosa la kumjibu, nikaandika vipimo.

Haya, nisiwe wa upande mmoja. Iran si malaika. Oktoba mwaka jana iliirushia Israeli makombora karibu 200. Urani, ile malighafi ya nyuklia, imeirutubisha hadi asilimia 60, na mitambo ya kawaida ya umeme haihitaji hata 6. Siku moja tu kabla ya shambulio, bodi ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki iliamua kwamba Iran haikutimiza wajibu wake. Ningekuwa mama wa Tel Aviv ningelala na viatu. Lakini kuogopa ni kitu kimoja na kushambuliwa ni kingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kifungu cha 51, unampa haki ya kujihami aliyeshambuliwa. Wapo wanasheria wanaomtia humo na yule ambaye adui keshanyanyua mkono, hata muda wa kupiga kelele hana. Hapo nakubali. Ila adui ambaye huenda kesho akaunda silaha, na keshokutwa huenda akaitumia? Kwa hesabu hiyo kila mwenye jirani asiyempenda ana ruhusa. Japani ilipopiga Pearl Harbor mwaka 1941, wajumbe wake walikuwa bado Washington wanazungumza, na Wamarekani hadi leo wanaitaja kwa uchungu. Na hao hao tarehe 22 Juni wakapeleka ndege kupiga Fordow, kiwanda cha Iran cha kurutubisha urani.

Tena unachokitaka hukipati. Mwaka 1981 Israeli iliulipua mtambo wa nyuklia wa Osirak kule Iraki, Baraza la Usalama likalaani kwa kauli moja, Marekani ikiwemo. Saddam, mtawala wa Iraki, aliacha? Alijificha. Baada ya vita vya 1991 wakaguzi wa nyuklia ndipo walipoona mradi wa siri ulivyokuwa mkubwa. Na Iran juzi imesitisha ushirikiano na wakaguzi, huku ile urani ya asilimia 60, zaidi ya kilo 400, haijulikani kwa hakika imewekwa wapi.

Ndiyo wewe sasa. Mzee Makame alishakubali kuipeleka hati yake kwa sheha, siku imepangwa, wewe ukaenda usiku na nyundo na watoto wa shangazi. Ukuta wenyewe ulikuwa haujapita magoti! Unasema angekufungia njia ya kwenye mikarafuu. Inawezekana, mzee yule namjua, mpaka wake hutembea kila masika. Lakini ulikuwa mdai, sasa ni mshtakiwa. Hati kaificha, sheha kanuna.

Pesa natuma mshahara ukiingia, kwa Bi Mkubwa, si kwako. Nusu. Nusu iliyobaki itoe kwenye karafuu zako, usiniambie hazijaiva. Hapa harufu yake naipata kwenye chai ya tajiri tu. Juzi nilikunywa kikombe nikajikuta naulizia nauli ya ndege, halafu nikakumbuka ada ya shule ya Nuru.

Sheha nitampigia mwenyewe nimuombe siku nyingine. Ukiitwa nenda mchana, uvae kanzu, na usiende peke yako, mchukue Ami Khatib. Ila asiongee yeye.

Nduguyo,
Zuhura