Mchele wa Kyela una madini gani?

Mhariri,

Sokoni tunauliza kama mchele ni wa Kyela, Kahama au Ifakara, tunanusa harufu, tunalipa. Lishe haiulizwi. Ilhali mbegu ileile ikipandwa kwenye udongo tofauti, punje hutofautiana kwa madini ya zinki na hata protini. Jaruba likituama maji muda mrefu, zinki hunaswa na udongo, mizizi ikaikosa. Bangladesh ilitoa mbegu ya mpunga wenye zinki nyingi mwaka 2013. Sisi tungeanza na kupima tu: TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) watupe jedwali la kila bonde, hata la ukurasa mmoja. Na wanaokoboa mpaka mchele ung'ae (wateja tunapenda hivyo, najua) sehemu kubwa ya vitamini B wanaiacha kwenye pumba.

Mpenda wali,
Morogoro