Mwanangu, kiweke kifutio mbali

Mwanangu mpendwa,

Mchoro wako ulinifikia jana jioni. Niliutandaza mezani chini ya taa, nikakaa nao kimya mpaka mama yako akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, nimeletewa jengo. Nyuma yake umeandika kwamba umefuta mara saba na bado halifanani, na kwamba wenzako darasani wanatoa kwa kompyuta, kwa dakika chache, kitu ambacho wewe umekihangaikia asubuhi nzima. Kisha ukauliza kama kuna haja ya kuendelea kuchora kwa mkono. Swali hilo limenigusa, kwa hiyo nivumilie, nitajibu kwa urefu.

Nianze na makosa, maana ndiyo uliyoyataka.

Jengo lako lina ghorofa tatu, na ukuta wake wa kulia unakwenda mbali nawe. Ukuta wenyewe umeupata: unapungua vizuri kadiri unavyokwenda. Lakini madirisha ya ukuta huohuo umeyachora mapana, pembe nne kamili, kana kwamba ulisogea ukasimama mbele ya kila moja. Najua kilichotokea. Akili yako inajua dirisha lina umbo gani, na ikauamrisha mkono uchore inachokijua badala ya kile jicho lilichokiona. Kutoka pale ulipokaa, dirisha la mwisho lilikuwa mwanya tu, mrefu na mwembamba. Ulilitazama, mwanangu, lakini hukuliamini jicho lako.

Ugomvi huu kati ya kujua na kuona utakuwa nao maisha yako yote, na silaha yako ni penseli hiyohiyo uliyoishika. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze. Fumba jicho moja. Ncha ya penseli iguse ukingo wa juu wa dirisha, kidole gumba kiteremke hadi ukingo wake wa chini: umepata urefu. Sasa ilaze penseli, mkono ukiwa bado umenyooka, uone upana unaingia mara ngapi katika urefu huo. Utashangaa. Mara nyingi utakuta upana ulioudhania ni nusu ya urefu kumbe haufiki hata robo. Jambo moja la kuangalia: kiwiko kikilegea, hata kidogo, kipimo kimeharibika, kwa sababu penseli imesogea karibu na jicho.

Kosa la pili ndilo lililokufanya ufute mara saba, na hukulijua. Ukingo wa paa lako upande wa kulia unapanda. Ulipaswa kuteremka.

Kabla hujachora chochote, tafuta urefu wa macho yako. Utazame mbele bila kuinua kidevu wala kukiinamisha, kisha piga mstari mwepesi wa mlalo kwenye karatasi, pale macho yako yanapogota kwenye jengo. Mstari huo ndio utakaotawala kila kitu. Kingo zote za jengo zilizo mlalo, kama zinakwenda mbali nawe na ziko juu ya macho yako, zitaonekana zikiteremka kuufuata mstari huo. Zilizo chini ya macho zitapanda kuufuata. Ile iliyo sawasawa na macho haipandi wala haishuki. Na kingo za ukuta mmoja, kwa kuwa zinakwenda upande mmoja, zote zitakutana katika nukta moja juu ya mstari huo. Mara nyingi nukta yenyewe huangukia nje ya karatasi, nawe utalazimika kuiwazia ikiwa juu ya meza au juu ya goti lako. Ukuta wa pili wa jengo una nukta yake, upande wa pili.

Ukitaka kuthibitisha, simama kwenye uwanja tambarare wenye watu. Vichwa vya watu wazima wa kimo chako, aliye karibu na aliye mbali kabisa, hukaa kwenye mstari mmoja. Kinachobadilika ni miguu: ya aliye mbali imepanda juu zaidi. Wewe ulichora ukiwa umeketi kwenye ngazi, kwa hiyo mstari wako ulishuka nawe, na watu wote waliosimama vichwa vyao vilipaswa kuwa juu yake. Umewachora kama mtu aliyesimama awaonavyo. Ndiyo maana wanaonekana kama wanaelea.

Usijilaumu. Watu walijenga mahekalu na makuba kwa maelfu ya miaka kabla ya mtu kuipata kanuni hii kwa ukamilifu. Miaka 600 hivi iliyopita, katika mji wa Florence, Italia, msanifu Filippo Brunelleschi alisimama ndani kidogo ya mlango mkuu wa kanisa kuu, akalichora kwenye ubao jengo la ubatizo lililo mbele yake. Kisha akatoboa tundu dogo kwenye ubao huo. Mtazamaji aliweka jicho lake nyuma ya ubao, akachungulia kupitia tundu, akiwa ameshika kioo mbele ili aione picha ndani ya kioo. Ukikiondoa kioo, unaliona jengo lenyewe, ukikirudisha, unaiona picha, na vilishabihiana. Sehemu ya mbingu hakuipaka rangi. Aliifunika kwa fedha iliyosuguliwa, ili mawingu ya kweli yapite ndani yake. Kila ninapokifikiria kisa hiki moyo wangu huchangamka. Hebu mfikirie mtu aliyehangaika kwa kila mstari wa kuta, kisha akakubali kwamba mawingu hawezi kuyachora, akayaachia nafasi yaje yenyewe. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaziandika kanuni hizo, na mpaka leo tunazitumia, nawe pia ukiwa na kijitabu chako juu ya goti.

Lile tundu lina somo ambalo walimu husahau kulitaja. Lilimlazimisha mtazamaji akae mahali pamoja, atumie jicho moja. Wewe, nimeliona hili kwenye mchoro wako, ulisogea. Mlango umeuchora ukiwa ngazi moja, roshani ukiwa ngazi nyingine. Chagua mahali, kaa, usiondoke mpaka kazi iishe. Jua likikufukuza, funga daftari, urudi kesho saa ileile.

Kuhusu vifaa sina mengi. Penseli ya HB kwa mistari ya kwanza na 2B au 4B kwa vivuli zinatosha kabisa. Herufi H ni ugumu na B ni weusi. Tangu mwaka 1795, Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipoanza kuchanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi na kuuchoma, ugumu wa penseli hutokana na kiasi cha udongo: ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari unafifia. Daftari liwe lenye jalada gumu, kwa kuwa hutakuwa na meza. Rula iache nyumbani.

Na kifutio pia. Hapa naomba unisikilize kama mzazi. Mstari uliokosea una kazi, nayo ni kukuonyesha umekosea kwa kiasi gani na kuelekea wapi. Ukiufuta, mstari unaofuata unaanza tena gizani, na mara nyingi unaangukia palepale. Ndiyo sababu ulifuta mara saba, mara zote saba paa likapanda. Uache mstari mbaya, uchore ulio sahihi kando yake, kwa mkono mwepesi, kisha ukiridhika ndipo uukazie ule uliouchagua. Kabla ya kuigusa karatasi, upitishe mkono hewani mara mbili tatu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Mkono ukishaijua njia, macho yako yatazame unakokwenda, yasiifuate ncha.

Nikuambie sasa kuhusu jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa sana kulijua. Miaka mingi nilichora majengo, na michoro yangu ilikuwa kama meno: jengo, jengo, jengo, na katikati hakuna kitu. Nilidhani kichochoro ni mahali ambapo jengo limekosekana. Siku moja mzee mmoja mchoraji ramani alinionyesha nakala ya ramani ya Roma iliyochorwa na Giambattista Nolli na kutolewa mwaka 1748. Nyumba za watu zimetiwa weusi. Mitaa na viwanja ni vyeupe. Lakini makanisa nayo, ndani yake, ni meupe pia, pamoja na nyua zenye nguzo: kila mahali ambapo mtu wa kawaida aliweza kuingia pameachwa wazi, pakaungana na barabara. Ukiitazama ramani hiyo kwa muda, weupe unageuka kuwa kitu chenye umbo lake, unapita, unabanwa, unatanuka kuwa uwanja, unaingia chini ya kuba la Pantheon, hekalu la kale la Warumi, na kutulia humo. Nilikwenda nyumbani siku ile nikiwa kama niliyefunguliwa macho.

Kwa hiyo, kesho, anza na uwazi. Chora umbo la anga lililo kati ya mapaa mawili, kama vile anga ndilo kitu na mapaa ni mpaka wake tu. Chora umbo la ardhi ya uwanja: utaona ni bapa sana, bapa kuliko ulivyotarajia, kwa sababu unaiangalia kwa pembeni. Maumbo haya mawili yakikaa sawa, kuta zinajichora zenyewe. Kisha finya macho mpaka maelezo madogo yapotee, ubaki na mwanga, kivuli na kitu cha katikati. Jaza kivuli chote kwa pamoja, upande mzima wa jengo, madirisha na yote, bila huruma. Baada ya hapo ndipo uweke watu wawili watatu, maana jengo bila mtu halina ukubwa. Linaweza kuwa kasri, linaweza kuwa kiberiti.

Ukishazoea, jaribu zoezi hili ambalo Mwingereza Gordon Cullen alilitumia kueleza miji: tembea njia moja, na kila baada ya hatua kadhaa simama, uchore picha ndogo isiyozidi kiganja, dakika mbili tu. Njia ileile uliyoipita mara mia itakuonyesha inavyokuficha kitu, kisha inavyokupa kidogo, kisha inavyokufungulia yote kwa mpigo kwenye kona.

Nirudi kwenye kompyuta. Siichukii, na nataka uijue vizuri kuliko wenzako wote. Lakini kompyuta itakupa dirisha moja na kulirudia mara arobaini kabla hujalitazama hata mara moja. Mkono hauwezi kufanya hivyo. Ukichora nguzo ya tano umelazimika kuiona nguzo ya tano, na pengine ukagundua ina ufa, au ni nene kuliko wenzake, na ukajiuliza kwa nini. Kwangu mimi kuuliza huko ndiko kujifunza ujenzi.

Kuna pia mambo makubwa kuliko shule. Mji wa kale wa Warszawa, huko Poland, uliharibiwa karibu wote katika Vita Kuu ya Pili, sehemu kubwa ukilipuliwa kwa makusudi na Wajerumani baada ya watu wake kuinuka dhidi yao mwaka 1944. Walipoamua kuujenga upya, walitumia picha za mitaa alizochora Bernardo Bellotto katika miaka ya 1770. Walitumia pia michoro ya vipimo ya majengo iliyokuwa imechorwa kabla ya vita, mingi kwa mikono ya wanafunzi wa usanifu, na ambayo ilifichwa ili isiteketezwe. Wanafunzi, mwanangu. Vijana kama wewe, waliopewa kazi ya darasani ya kupima ngazi na kuchora kingo za madirisha, na bila shaka wako waliochoka na kutamani kwenda nyumbani. Mwaka 1980 mji huo ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sisi nasi tuna letu, dogo. Nyumba ya bibi yako ilibomolewa kabla hujazaliwa, barabara ilipopanuliwa. Picha za kamera tulizo nazo ni za watu waliopangwa mstari, na nyumba imekatwakatwa nyuma ya mabega yao. Mimi niliichora mara moja tu, nikiwa na miaka 19, kwa kalamu ya wino, alasiri moja. Mlango ni mkubwa mno na roshani imeinama upande mmoja. Lakini ngazi ni 9, kwa kuwa nilizihesabu, na baba zako wadogo wakibishana huja kuniuliza mimi. Kivuli cha paa kimefika katikati ya mlango, ndiyo maana najua ilikuwa yapata saa tisa.

Rudi kwenye jengo lako, ukae ngazi ileile, uandike tarehe na saa kwenye kona ya karatasi. Nitumie mchoro utakaotoka, hata ukiwa na mistari kumi kwa paa moja.

Huo wa nyumba nimeuweka ndani ya bahasha hii, kati ya vipande viwili vya kadibodi. Usiukunje. Dirisha la kushoto, lile lenye ubao mmoja uliofunguliwa, ndipo bibi yako alipokuwa ameketi, akiniuliza kila baada ya muda kama nimemaliza.

Akupendaye,
Baba yako