Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: sindano ya tatu ni Jumanne

Kwa Mheshimiwa Mbunge wetu,

YAH: CHANJO YA KICHAA CHA MBWA KWA SISI TUSIO NA BIMA

Mwangaluka, Mheshimiwa. Kwa umri wewe ndiye ungeniamkia, kwa cheo ni mimi. Tuhesabu tumeshasalimiana, maana leo ni Jumapili na siku zangu zinahesabika kwa vidole.

Jumatatu jioni mjukuu wangu wa miaka tisa alikuwa anatoka mashineni kusaga. Mbwa aliyemng'ata hatumjui ni wa nani. Alitokea upande wa mabani ya kukaushia tumbaku, kichwa chini, udenda unamtoka, hakubweka hata mara moja. Akamkamata shavu la mguu, akamwachia, akaendelea na njia yake kama mtu mwenye miadi. Mtoto alifika nyumbani na ndoo ya unga kichwani. Hakuimwaga, alijua unga ukimwagika atagombezwa. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kandambili, kila akikanyaga inalia chwa, chwa.

Bibi yake alishakimbilia pilipili na majivu. Nikamzuia, kwa sababu redioni nimesikia mara nyingi: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Unakikumbuka kile kisima, Mheshimiwa? Kile cha pampu, ulichosema kabla ya Krismasi kitakuwa kinatoa maji. Basi kijijini kwetu maji yanayotiririka ni mtu akushikie jagi. Tulimaliza ndoo mbili kwenye mguu mmoja, na usiku huo hatukuoga.

Kituo cha afya tunacho, tunakushukuru, jiwe la msingi lina jina lako. Kina friji ya sola pia. Muuguzi alinifungulia nione kwa macho yangu: ya polio ipo, ya surua ipo, ya pepopunda ipo. Hizo zote mjukuu wangu alichomwa bila kulipa hata senti, kadi yake ya kliniki imejaa mihuri, na kwa hilo sina lawama. "Ya mbwa?" nikauliza. Akafunga friji taratibu. "Hiyo babu nenda wilayani." Hakuwa mkali. Nadhani ameshawaambia wengi.

Wilayani ni bodaboda, kwenda na kurudi 24,000 kipindi hiki cha mvua, na kwenye korongo mnashuka mnasukuma. Tulifika Jumanne saa nne asubuhi. Nikaambiwa sindano tatu: leo, baada ya siku tatu, na baada ya siku saba, na kila siku anachomwa mikono yote miwili. Kila siku moja 30,000. Halafu ikaja na hii, ambayo nataka uisome polepole. Dawa hiyo ikichomwa kwenye ngozi, chupa moja inatosha watu wanne, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyohiyo. Sisi tuliong'atwa siku hiyo tulikuwa wawili. Kwa hiyo tulipe chupa nzima, au tusubiri wenzetu.

Mheshimiwa, umewahi kukaa benchi ukimwomba Mungu mbwa amng'ate mtu mwingine? Mimi nimeomba. Saa nane na nusu akaingia mchungaji mmoja na mwanawe, mkono wa mtoto umefungwa kipande cha kanga, na mimi nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Mama wa yule mgonjwa mwingine akanitazama, kisha naye akasema amina. Tangu siku hiyo sijajisamehe.

Kijana mmoja anayesomea uuguzi alitupitishia muda kwa hadithi. Mmoja wa watu wa kwanza kuchomwa chanjo hii, alisema, ni mvulana aitwaye Joseph Meister, naye alikuwa na miaka 9. Alipelekwa kwa mwanasayansi aliyeitengeneza, Louis Pasteur, huko Paris, Julai 1885, akapona. Nikamuuliza yule mtoto alilipa shilingi ngapi. Benchi zima likacheka. Mimi sikuwa natania.

Ijumaa, siku ya sindano ya pili, tukaambiwa imeisha. Dirishani hakuna anayejua inakuja lini. Mmoja anasema halmashauri haikuagiza, mwingine anasema iliagiza ila haikuletwa, wa tatu anasema bajeti ya chanjo hii haipo kabisa, eti kila hospitali inajinunulia kwa makusanyo yake. Nadhani huyo wa tatu ndiye mkweli, kwa sababu ndiye aliyeongea kwa sauti ya chini. Nikaelekezwa duka la dawa la mjini. Chupa moja 40,000, hapo hakuna wa kugawana naye. Muuzaji akaifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha barafu ya samaki, nikavuka soko nikikimbia na umri huu, barafu inanidondokea kwenye suruali, nikihofia dawa itaharibika kabla sijafika. Chanjo hizi zinatunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Friji ya namna hiyo tunayo kijijini! Ile ile iliyofungwa taratibu usoni pangu.

Sasa kuhusu bima. Najua utaniuliza, mzee, bima yako iko wapi? Nilikata CHF iliyoboreshwa, ule mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita. Nikakata tena. Kila nikienda, kadi inapokelewa kwa heshima zote, kisha: dawa hakuna, kanunue. Mwaka wa tatu ile 30,000 nikanunulia mbolea. Ni kosa langu, nakubali. Lakini mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na wewe mwenyewe ulisimama juu ya gari pale uwanja wa mnada ukatuambia hakuna tena mtu wa jimbo hili atakayeuza mbuzi kwa ajili ya matibabu. Tulipiga vigelegele, mke wangu mpaka kanga ikamdondoka. Mheshimiwa, mbuzi nimeuza Jumanne. Jike, ana mimba, 70,000, kwa sababu mnunuzi aliniona nina haraka.

Fedha za tumbaku usiniulize. Bado iko banini, inasubiri kukauka, halafu isubiri soko, halafu tusubiri malipo. Mkulima wa Tabora kati ya sasa na masoko hana kitu. Hata mbwa wanajua.

Na hao mbwa nao. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakatika wenyewe. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, na dunia imejipangia kwamba ikifika 2030 asife mtu tena kwa kung'atwa. Ni jambo jema. Huku kwetu mara ya mwisho kuja mtu wa kuchanja mbwa, wale aliowachanja wameshakufa kwa uzee. Mbwa hatuwezi kuwaacha, ndio wanaotulindia mahindi yasiliwe na nyani. Tungeweza kuwapanga foleni kesho asubuhi kama kungekuwa na wa kuwachoma.

Sikuandiki kwa kupenda maneno. Mwaka juzi tulimzika mtoto wa jirani yangu, darasa la sita. Aling'atwa, kidonda kikapona vizuri, wakaona basi, hela ya sindano haikuwepo na mtoto anacheza mpira. Wiki ya saba ikaanza homa. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Hakuwa amekunywa, nilimimina tu, aliposikia maji yanavyoanguka kikombeni koo likamkaza, akaninyoshea mkono niyaondoe, huku midomo imempasuka kwa kiu. Ugonjwa huu ukishajitokeza hauna dawa, daktari alituambia wazi. Dawa yake ni ile ya kabla. Ile ya 30,000.

Kwa hiyo naomba. Nilianza barua hii nikitaka mambo mengi: kisima, bima, barabara ya korongoni, uchunguzi wa kwa nini hospitalini imeisha na dukani ipo. Nimeyafuta, nimebakiza moja. Weka chupa za chanjo hii kwenye friji ya kituo chetu. Tano tu. Na bei iwe ya mtu asiye na bima, kama bure haiwezekani. Ukishindwa tano, weka mbili. Mfuko wa jimbo unao, posho unayo, sijui utaitoa wapi, ila ile ngoma ya kukupokea tuliyokodi mwezi wa kumi ilikuwa ghali kuliko chupa mbili.

Hesabu yangu hii hapa, uihakiki. Mbuzi 70,000, mkopo wa vikoba 50,000, jumla 120,000. Sindano mbili 70,000, bodaboda mara mbili 48,000, chai na maandazi ya mtoto 1,500. Sindano ya tatu ni Jumanne. Mfukoni nina mia tano.

Simu yangu ofisini kwako wanayo, niliiandika kwenye daftari la wageni mara nne.

Ni mimi mpiga kura wako,
mkulima wa tumbaku, mkoa wa Tabora.

Nakala: Mganga Mkuu wa Wilaya, Afisa Mifugo wa Wilaya.