Shosti, chokoleti zako zimeisha zote

Shosti wangu wa Uholanzi,

Za huko kwenye baridi? Huku Dar joto limekolea mpaka feni nayo inapuliza hewa ya moto, ila wazima wote, watoto wanakusalimia na mama kasema ukipiga simu umuulizie na yeye usiwe unaongea na mimi tu. Ulisema nisikutumie voisi maana zangu hazina mwisho, haya basi nakuandikia, kaa vizuri, shughuli ya kuonja chokoleti zako ilikuwa Jumamosi na imenoga kuliko nilivyotegemea.

Kwanza watu hawakunielewa kabisa. Naandika kwenye grupu kwamba njooni kwangu usiku tuonje chokoleti, wa kwanza kujibu anauliza na nyama choma ipo? Mwingine anauliza mchango shilingi ngapi. Kaka yetu wa benki yeye akaandika "tuonje tu au tule?" Nikawaambia njooni mmeshiba, na hakuna kupulizia pafyumu. Hapo ndo wakaona nimechanganyikiwa. Lakini si unajua, ukitaka kusikia harufu ya kitu kidogo vile huwezi kukaa na mtu kajimwagia chupa nzima, hata mi mwenyewe ambaye mgeni haingii kwangu bila udi, siku hiyo chetezo nilikificha uvunguni mwa kitanda.

Joto nalo nililipigia hesabu. Mafuta ya kakao yanayeyuka kabla hayajafika joto la mwili, nyuzi thelathini na kitu, ndo maana chokoleti nzuri inaisha yenyewe mdomoni, ila kwa Dar ndo hivyo inataka kuisha yenyewe mezani pia. Kwa hiyo nikasema saa mbili usiku, zikae kwenye friji ndani ya kontena lililofungwa maana friji langu unalijua, dagaa hawakosi, na chokoleti inanyonya harufu vibaya mno. Afu ukizitoa usizifungue hapo hapo, ziache na makaratasi yake zipoteze ubaridi taratibu, la sivyo zinatoa jasho na sukari inatoka juu inakuwa weupe. Ule weupe watu wanadhani ni ukungu wanatupa, kumbe ni sukari au mafuta tu yamepanda juu, sura ndo imeharibika, kuliwa inalika.

Sasa uhondo wenyewe. Wifi yetu, yule mke wa kaka mdogo, kwao ni Busokelo kule Mbeya, na baba yake ana shamba la kakao. Nilivyomwambia mpango wangu akacheka, eti yeye kakulia kwenye kakao na chokoleti ya kwanza kaila akiwa chuo, akaagiza kwao, ikaja mfuko mzima na basi, kakao iliyovundikwa na kukaushwa tayari kwenda mnadani. Basi kabla ya kugusa chokoleti zako tukaanza na hiyo. Jiko la mkaa uwani, moto mdogo, karai, wifi anageuza na mwiko taratibu. Mwanzo inatoka harufu ya siki, jirani wa juu akachungulia dirishani kuuliza tunapika nini kimechacha. Zikaanza kupasuka kidogo kidogo, na ghafla uwa mzima unanuka keki ya chokoleti, jirani huyo keshashuka na kanga yake kavuta kiti. Hakualikwa, lakini ungemwambia nini?

Tukamenya maganda, tukapeta kwenye ungo, tukaweka kwenye kinu. Shosti, hapo ndo niliposhangaa. Unatwanga unategemea unga, inakuja inalainika, inalowa, mwisho unatwanga uji mzito mweusi unang'aa wakati hujatia hata tone la maji! Punje ya kakao karibu nusu yake ni mafuta. Nikawaambia huko uliko shosti wangu ndo mafuta hayo yalikoanza kukamuliwa kwa mashine ya kina van Houten mwaka 1828, wanaondoa mafuta wanabaki na unga wa kunywa. Kaka wa benki akauliza we umesomea wapi haya. Nikamwambia nyamaza onja.

Wakaonja ule uji mtupu. Nyuso ungeziona! Tukatia sukari tukatwanga tena, ikawa tamu ila inakwaruza, chenga chenga ulimini. Nyumbani huwezi kuilainisha, viwandani kuna mashine zinaisaga na kuikoroga masaa kwa masaa, Rodolphe Lindt wa Uswisi ndo aligundua hiyo kukoroga mwaka 1879, kabla ya hapo chokoleti duniani kote ilikuwa ya chenga hivyo hivyo. Mi kusema kweli ile yetu ya kinu niliipenda, ina ushenzi fulani mtamu.

Na wifi alivyoanza kueleza watu wakasahau hata simu zao. Kwamba tunda la kakao likipasuliwa ndani mna mbegu zimezungukwa na nyama nyeupe ya utelezi, wao utotoni walikuwa wanafyonza ule utelezi, mtamu una ukali wa mbali, mbegu wanatema kwenye ndoo maana ndo ada ya shule. Zikitoka hapo zinaingia kwenye maboksi ya mbao, zinafunikwa majani ya migomba, zinageuzwa, siku tano sita hivi, na zinapata moto zenyewe mpaka nyuzi 45 hata 50, ukiingiza mkono unautoa. Mbegu inakufa humo ndani na ndo ladha inapoanza kutengenezeka. Anasema ukikausha bila kuvundika, hata uipeleke kwa fundi gani haitoi chokoleti ya maana, inabaki chungu na kukausha mdomo. Na bei, shosti, 2024 si uliona kwenye habari, tani moja New York ilivuka dola 10,000 kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya, na wale ndo wanatoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia. Baba mkwe wa kaka anaheshimika siku hizi, we acha tu.

Haya, tukahamia sebuleni kwenye mzigo wako. Nilitoa makaratasi yote, kila aina sahani yake na namba, maji ya vuguvugu pembeni ya kusuuza mdomo, na vipande vya mkate mkavu. Chai ya tangawizi nikawanyima mpaka mwisho, walilalamika hao! Sheria ni vunja kwanza usikie inalia "tak", nusa, weka ulimini, usitafune. Hiyo ya usitafune ndo iliwashinda. Watu tumezoea kula chokoleti haraka kabla haijayeyuka au mtoto hajaiona.

Zile tatu za asilimia 70 ndo zilileta ugomvi. Wengine walidhani zote zitafanana maana namba ni moja, kumbe namba inakwambia tu kakao na mafuta yake kwa pamoja ni kiasi gani, kinachobaki karibu chote ni sukari, ladha haikwambii. Ya Ghana ikashinda kwa kura nyingi, na naelewa, ile ndo chokoleti mtu anayoijua tangu utoto, nzito, haina maswali. Ya Madagaska wakaikataa, kaka wa benki akaapa imeoza, eti kuna mtu katia ukwaju. Wifi peke yake ndo aliichagua, akala na vya wenzake, anasema ule ukali ni wa utelezi wa tunda kabisa. Ya kwetu ya Kilombero, ile iliyoandikwa Kokoa Kamili, ikawa katikati, ina matunda ila haikushambulii, na kura yangu iliangukia hapo wakati sijajua namba ni ya wapi. Wale Kokoa Kamili wako pale Mbingu, wananunua kakao mbichi kwa wakulima wanavundika wenyewe sehemu moja, wifi akataka kujua wanalipaje, ndo akatoa simu kuanza kutafuta, tukampoteza nusu saa.

Ya asilimia mia mdogo wetu aliimega kipande kikubwa kwa ubishi, akakimbilia bombani. Nyeupe nikawapa watoto, ndani yake hamna kakao zaidi ya mafuta tu, hawatakesha. Na nilichomeka kimoja cha dukani hapa mtaani, cha mafuta ya mawese, kujaribu watu, hawakuhitaji hata namba, hakiyeyuki, kinabaki nta kwenye kaakaa. Wawili walikipenda lakini, siwataji.

Mwisho ule uji wa kinu uliobaki tukauchemsha na maziwa na mdalasini, wakanywa, na nyama choma wakaagiza bila hata kuniuliza.

Sasa sikia, Desemba ukija usilete mchanganyiko. Tafuta za nchi moja moja, Uganda ya Bundibugyo kama ipo na ile ya Kongo, na mbili za maziwa zenye chumvi, moja usiitaje kwenye grupu. Na ukipita Zaandam kwenye vile viwanda vya kakao ulivyosema vinanukia mpaka stesheni, uliza kama wanauza mafuta ya kakao matupu, wifi anataka tujaribu kulainisha ile ya kinu. Kilo moja yatosha, ntakurudishia hela.

Msalimie shemeji.

Shosti wako wa Tabata