Usilipe Kabla Hujatazama Kifundo

Mwanza, Jumapili jioni

Swahiba Idi,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo, mvua zimeanza, watoto wanakua. Shemeji na Mama Mkubwa wa Tandika wape salamu zao. Nitawaandikia siku nyingine kwa utulivu, maana leo nina jambo moja na lina haraka.

Picha ulizotuma kutoka soko la Karume nimezipata. Idi ndugu yangu, zile raba usizilipie. Si Jordan 1, ni Dunk, kiatu kingine cha Nike kinachofanana nayo. Najua yule kijana anayeziuza amekuapia kwa jina la mama yake, na kwa rangi ile nyeusi na nyekundu, na tiki kubwa ya Nike ubavuni, watu wengi wangesadiki. Lakini hela hii si yako wala yangu, ni mchango wa timu nzima, na anayeagwa ni Mwalimu Mgaya! Mzee akifungua tu karatasi atajua. Miaka yote aliyotufundisha kikapu alitaja kiatu kimoja: Jordan ya kwanza, ile ya mwaka 1985, nyeusi na nyekundu. Hakuwahi kutaja nyingine.

Ukirudi sokoni anza juu, kwenye kifundo. Jordan 1 ndefu ina nembo ya mpira wenye mabawa, imegandamizwa kwenye ngozi upande wa nje wa mguu, pamoja na maneno Air Jordan. Kwenye Dunk hapo pako tupu, ngozi na mshono basi. Halafu vuta ulimi utazame kitambaa kilichoshonwa juu yake: Dunk imeandikwa Nike peke yake, Jordan ya mtindo wa asili imeandikwa Nike Air. Neno hilo Air lina sababu, kwani ndani ya kisigino cha Jordan kuna mfuko mdogo wa hewa usioonekana kwa nje, na Dunk ya kawaida haina.

Simlaumu sana muuzaji, viatu hivi ni ndugu wa damu. Vyote vilichorwa na Peter Moore, vyote vilitoka 1985. Tofauti ni kwamba Jordan ilitengenezewa mtu mmoja, Michael Jordan, aliyekuwa akichezea Chicago, na Dunk ilitengenezewa timu za vyuo vikuu vya Marekani, kila chuo na rangi zake: Michigan njano na buluu iliyoiva, Kentucky buluu na nyeupe, Iowa nyeusi na njano, Syracuse rangi ya chungwa. Ndiyo maana Dunk nyingi unazoziona zina rangi mbili zilizopangwa kama jezi. Ila rangi usiitegemee, kwa sababu baadaye Nike wenyewe waliipaka Dunk rangi za Jordan, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Na mimi Dunk naipenda, usinielewe vibaya. Kiatu kizuri, chepesi, chenye historia yake. Kinachoniudhi ni kukiuza kwa jina la mwenzake na kwa bei ya mwenzake. Tena chuo cha Georgetown hakikupewa Dunk, kilipewa kiatu kingine cha mwaka uleule kiitwacho Terminator, chenye neno HOYAS, jina la timu ya chuo hicho, kwa herufi kubwa nyuma ya kisigino, na cha madukani kikaandikwa NIKE mahali hapohapo. Ndicho chuo alichokuja kuchezea kikapu Mutombo wa Kinshasa, Mungu amrehemu. Ukikuta Terminator kwenye robota lolote la mitumba, namba 43, ninunulie mimi. Nitatuma hela usiku huohuo.

Narudi kwa Mwalimu. Ukimkatalia kijana ile Dunk atakuletea Mid, yaani Jordan 1 ya urefu wa kati, nina hakika, na hapo ndipo uwe macho zaidi, maana Mid nayo ina mabawa kifundoni. Hesabu matundu ya kamba upande mmoja: ndefu ina 9, Mid ina 8. Na ulimi wa Mid kwa kawaida una yule mtu anayeruka amepanua miguu. Nembo hiyo iliingia kwenye kiatu mwaka 1988, na Jordan ya tatu, kwa hiyo haina kazi kwenye ya 1985 ambayo Mwalimu anaitaka. Kisha ingiza mkono ndani usome kile kilebo kidogo. Jordan ndefu nyingi za mtindo wa asili, za saizi za wanaume, namba yake inaanza na 555088, za miaka ya karibuni DZ5485. Ukiona 554724, hiyo ni Mid, rudisha bila kubishana. Wenye viatu feki nao hunakili namba, kwa hiyo isome baada ya kutazama kifundo, ulimi na matundu, si kabla.

Ikiwa imechakaa kidogo usiogope. Soli yake ni ya mpira, imeshonwa kuzunguka ubavu, fundi wa pale mtaani ataishona tena. Za kuogopa ni Jordan 3 na 4 za zamani, povu lililo ndani ya soli likizeeka humeguka kama udongo mkavu hata kama ngozi bado inang'aa. Mwalimu anavaa 44, si 45, Rehema alimuuliza kijanja.

Mchango umebaki wa watu wawili. Mmoja unamjua, ni yuleyule wa safari ya Bukoba... basi, tutaongea.

Sasa nijibu. Umeshamwachia kijana kishika uchumba au bado? Robota jingine anafungua lini, na unaweza kufika asubuhi kabla wenye maduka ya Kinondoni hawajachagua? Yule jamaa wa karibu na geti, aliyetupatia zile All Star, bado yupo? Mguu wa Mama Mkubwa unaendeleaje? Na utapanda basi Alhamisi au Ijumaa? Ukipata kiatu chochote nipigie picha tatu kabla ya kutoa hela: kifundo cha nje, ulimi, na kilebo cha ndani. Simu yangu itakuwa wazi siku nzima.

Wako,
Sele